Land Rover ya zamani na gari la kisasa: lipi litamfikisha mgonjwa hospitali?

Kila tunapogusia usafiri wa vijijini kwenye kipindi chetu cha asubuhi, ujumbe wa aina mbili huingia kwa wingi. Wa kwanza husema: "Magari ya siku hizi ni bati na kompyuta tu, gari lilikuwa Land Rover ya zamani." Wa pili hujibu: "Hayo ni masimulizi ya wazee, hilo dude linakunywa mafuta kama ng'ombe mwenye kiu na breki zake ni za kuomba Mungu."

Kwa msikilizaji wa mjini huo ni utani wa kijiweni. Kwa kikundi cha akiba na mikopo kilichochanga miaka mitatu ili kununua gari moja la kubebea mahindi, watu na wagonjwa, ni uamuzi unaoweza kukiinua au kukivunja kikundi. Kwa hiyo leo tunayaweka magari haya mawili kwenye mizani. Upande mmoja tunaweka Land Rover ya zamani, zile 109 na 110 ambazo bado zinapanda na kushuka njia za Longido, Monduli na Loliondo. Upande wa pili tunaweka gari la kisasa, na ili tusilinganishe mbuzi na ngamia, tutaanza na ndugu yake wa damu, Land Rover Defender mpya.

Kwa nini tunalizungumza sasa

Yapo mambo mawili ya karibuni yaliyolirudisha suala hili mezani.

La kwanza lilikuwa hapa kwetu kaskazini. Oktoba 2024, jiji la Arusha lilijaa Land Rover kutoka kila pembe, nyingi zikiwa za zamani, katika tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari hayo, rekodi iliyokuwa imewekwa Ujerumani. Wengi waliohudhuria walishangaa kuona magari yenye umri mkubwa kuliko madereva wake yakiingia mjini kwa nguvu zake yenyewe.

La pili lilitokea mbali, lakini lina somo kwetu. Mwanzoni mwa Septemba 2025, kampuni inayotengeneza Land Rover, Jaguar Land Rover ya Uingereza, ilizima mifumo yake ya kompyuta baada ya kushambuliwa na wahalifu wa mtandaoni. Viwanda vyake vilisimama kwa takriban wiki tano. Wafanyakazi waliambiwa wabaki nyumbani, na baadhi ya gereji na wauzaji wa spea walitaabika kwa sababu mfumo wa kutafutia spea haukuwa ukifanya kazi. Magari yaliyokuwa barabarani hayakushambuliwa, hilo lieleweke. Lakini tukio lile lilionyesha kwamba gari la leo lina mkia mrefu: linategemea kompyuta zilizo ndani yake, na linategemea pia kompyuta zilizoko nchi nyingine.

Lilitengenezwa kwa ajili ya nani

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam, Uholanzi, Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imeisha miaka mitatu tu nyuma. Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, na chuma kilichokuwepo kilitolewa kwa mgawo. Mhandisi Maurice Wilks wa kampuni ya Rover alitaka gari la shambani, la kuvuta jembe, kubeba mizigo na kupita kwenye matope, mfano wa Jeep za jeshi la Marekani. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu, bodi ilitengenezwa kwa aluminiamu. Chuma kikabaki kwenye chesisi.

Hapo ndipo palipozaliwa sifa tunayoiona mpaka leo. Bodi ya Land Rover ya zamani haili kutu kama magari mengine. Lakini chesisi yake inakula, na anayenunua gari hilo kwa kutazama bodi peke yake anaweza kununua joho zuri lililovikwa mgonjwa. Na kwa kuwa mabati yake ni bapa na yamefungwa kwa bolti na ribiti, fundi wa kijijini anaweza kulifungua, kulinyoosha na kulirudisha bila mashine kubwa.

Toleo la pili lilikuja 1958 na la tatu 1971. Namba 88 na 109 tunazozitaja kila siku ni umbali kati ya tairi la mbele na la nyuma, ukipimwa kwa inchi. Ndipo ikafuata 110 katika miaka ya 1980, iliyoacha springi za majani na kutumia springi za koili, na mwaka 1990 jina la Defender likaanza. Gari la mwisho la ukoo huo lilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, Januari 29, 2016. Kwa jumla magari zaidi ya milioni 2 ya ukoo huo yalitengenezwa.

Defender mpya ilizinduliwa 2019. Inatengenezwa Nitra, nchini Slovakia. Jina ni lile lile na sura inafanana kwa mbali, lakini chini ya bati ni gari jingine kabisa. Halina chesisi ya peke yake: bodi na chesisi ni kitu kimoja. Hata namba 110 iliyoandikwa juu yake haimaanishi tena inchi 110, imebaki kama jina la ukoo.

Nguvu: hadithi na ukweli

Wasikilizaji wengi wanaamini kwamba gari la zamani lina nguvu zaidi. Tuangalie.

Land Rover 109 ya toleo la tatu, yenye injini ya petroli ya lita 2.25, ilikuwa na nguvu ya farasi 70 hivi. Defender mpya yenye injini ya petroli ya lita 2.0, yaani ndogo zaidi, ina nguvu ya farasi takriban 300. Defender mpya inaweza kupita kwenye maji yenye kina cha hadi sentimita 90. Ya zamani, kwa kipimo cha kiwanda, ilikuwa sentimita 50. Kwa hiyo kwa kupanda mlima, kuvuka korongo na kubeba mzigo, gari jipya halishindwi na babu yake. Mtu anayesema la kisasa ni laini anaangalia rangi inayong'aa.

Ila kipimo cha kiwandani huchukuliwa gari likiwa zima. Sisi huku tunataka kujua pia hali yake baada ya miaka kumi ya vumbi, mawe na mafuta ya dumu. Hapo mizani inaanza kuyumba.

Siku gari linapokataa kuwaka

Injini ya petroli ya zamani ina mahitaji machache: mafuta yafike kwenye kabureta, cheche ipatikane kwenye plagi, na hewa iingie. Ikikataa kuwaka, fundi anachomoa waya wa plagi kuona kama cheche ipo. Akiikosa, anafungua distributa na kusugua pointi kwa msasa. Cheche ikiwepo, anageukia mafuta. Ile ya dizeli haina hata cheche, inahitaji mafuta safi na mgandamizo basi. Betri ikiwa imekufa, gari linasukumwa, na zile za zamani zaidi zina hendeli ya kuzungushia kwa mkono. Vifaa vyote vya kazi hiyo vinaenea kwenye mfuko wa turubai chini ya kiti.

Gari la kisasa linafanya kazi hizo hizo, lakini mwamuzi ni kompyuta. Vipo visoma-hali vidogo, mafundi wetu huviita sensa, vinavyopima joto la injini, hewa inayoingia, mzunguko wa injini, moshi unaotoka na jinsi ulivyokanyaga pedali. Kompyuta inasoma taarifa hizo mara nyingi kwa sekunde moja na kuamua kiasi cha mafuta cha kumwaga. Ndiyo maana gari hilo linawaka asubuhi yenye baridi kwa mara moja, na linakula mafuta kidogo.

Gharama yake inaonekana siku sensa moja inapokufa. Kompyuta ikikosa taarifa muhimu, inaweza kupunguza nguvu ya injini ili kuilinda, au kuizima kabisa. Taa ya injini inawaka kwenye dashibodi. Fundi anaweza kulitazama gari kutwa nzima asione kitu, kwa sababu hakuna kilichovunjika kinachoonekana kwa macho. Anahitaji mashine ya kupimia.

Hapa tuwatendee haki watengenezaji. Tangu 1996, magari mapya madogo yote yanayouzwa Marekani yanalazimika kuwa na tundu la kuchomekea mashine hiyo, lenye mfumo mmoja kwa kampuni zote, na nchi nyingine zikafuata njia hiyo. Kifaa cha kawaida cha kusoma kosa kinapatikana kwa bei nafuu mjini na kinaunganishwa na simu. Kijana mwenye simu janja na elimu kidogo anaweza kusoma namba ya kosa akiwa mnadani. Lakini kusoma kosa si kulitibu. Kwa baadhi ya magari mapya, hasa ya kifahari, ukibadilisha kifaa lazima kompyuta "itambulishwe" kifaa kipya kwa programu maalumu ya kampuni. Bila hiyo, spea ni mpya, pesa imelipwa, na gari bado limelala.

Kwa hiyo tofauti kubwa kati ya magari haya mawili iko kwenye ujuzi: unakaa wapi? Wa gari la zamani unakaa kwa fundi wa njia panda. Wa gari la kisasa umegawanyika, sehemu kwa fundi, sehemu kwenye mashine iliyoko mjini, na sehemu kwa kampuni yenyewe.

Mafuta ya dumu

Kuna jambo ambalo wauzaji wa magari huwa hawalisemi, na kwa sisi wa vijijini ni kubwa kuliko yote: usafi wa dizeli.

Injini ya dizeli ya zamani inasukuma mafuta kwa pampu ya kawaida. Nozeli zake hufunguka kwa shinikizo la mara 100 hadi 200 hivi ya shinikizo la hewa tunayovuta. Injini ya dizeli ya kisasa husukuma mafuta kwa shinikizo la mara 1,500 hadi 2,000, na tundu za nozeli zake ni nyembamba mno. Maji kidogo, vumbi kidogo, au dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa, na nozeli hizo zinaharibika. Kuzibadilisha zote kunaweza kumaliza faida ya msimu mzima.

Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kupambana na uchakachuaji, na nchi za Afrika Mashariki zilipunguza sana kiwango cha salfa kwenye dizeli kuanzia 2015. Hatua hizo zimesaidia kwenye vituo. Lakini mafuta yaliyouzwa kituoni yakiwa safi yanaweza kufika kijijini yakiwa machafu, kwa sababu yamesafiri kwenye dumu lililobebea maji jana na yamemiminwa kwa faneli yenye mchanga. Kama gari lenu litajazwa kwa dumu, gari la zamani litasamehe. La kisasa linaweza lisisamehe hata mara moja.

Siku ya ajali

Hadi hapa mizani imeelemea upande wa gari la zamani, na tunajua baadhi ya wasomaji wetu wanatabasamu. Sasa tufike mahali pagumu.

Mwaka 2009, taasisi ya bima ya usalama barabarani ya Marekani, IIHS, ilifanya jaribio lililotazamwa dunia nzima. Waliligonganisha uso kwa uso gari la Chevrolet Bel Air la mwaka 1959 na Chevrolet Malibu la mwaka 2009, kila moja likiwa na mwendo wa kilomita 64 kwa saa, ndani yake kukiwa na sanamu za kupimia majeraha. Bel Air lilikuwa gari kubwa, lenye chuma kinene, lile ambalo mzee yeyote angeligonga kwa kiganja na kusema "hili ndilo gari." Matokeo yalikuwa kinyume. Kibanda cha dereva cha Bel Air kilikunjamana, usukani ukasukumwa ndani, na sanamu ya dereva ilionyesha majeraha ambayo mtu asingepona. Ndani ya Malibu, dereva angetoka na jeraha dogo mguuni.

Sababu inaeleweka bila kusoma fizikia. Ukiruka kutoka juu ya mwembe na kuangukia mchanga, unapona. Ukiangukia mwamba kutoka kimo kile kile, unavunjika. Mchanga umekupa muda wa kusimama polepole. Gari la kisasa limetengenezwa ili pua yake ijikunje kama mchanga, na kibanda kibaki kizima kama sanduku. Kisha mkanda unakushika na mfuko wa hewa unapokea kichwa chako. Gari la zamani haligawi kazi hiyo. Pigo linapita moja kwa moja hadi kifuani kwa dereva.

Mkanda wa pointi tatu tunaoujua leo ulibuniwa na mhandisi Nils Bohlin wa Volvo, mwaka 1959. Land Rover nyingi za zamani zina viti virefu vya pembeni huko nyuma, abiria wakitazamana, bila mkanda wowote. Defender ya zamani ilitengenezwa hadi 2016 bila mfuko wa hewa, na hiyo ni sababu mojawapo iliyoifanya iache kuuzwa Marekani baada ya 1997. Defender mpya ilipata nyota 5 katika jaribio la usalama la Euro NCAP mwaka 2020.

Tunalisema hili kwa uzito kwa sababu Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 1.19 hufa kila mwaka kwa ajali za barabarani, na 92 kati ya kila 100 wanafia katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambazo zina magari 60 tu kati ya kila 100 ya dunia. Vijiji vyetu vimo kwenye hesabu hiyo. Gari tunalolisifu kwa kutengenezeka chini ya mti ni lile lile ambalo likibingirika korongoni likiwa na watu 15 nyuma, hakuna cha kuwashika. Tukisifu moja tulitaje na la pili.

Pesa inayotoka kila wiki

Tukokotoe pamoja. Land Rover ya zamani ya petroli hutumia lita moja kwa kilomita 5 au 6, kutegemea hali ya injini na mzigo. Gari la kisasa la abiria la ukubwa wa kati linaweza kwenda kilomita 10 kwa lita, wakati mwingine zaidi.

Chukua safari ya kilomita 100 kwenda na kurudi mnadani. La zamani, kwa kilomita 5 kwa lita, litakula lita 20. La kisasa litakula lita 10. Tofauti ni lita 10 kwa safari. Ukienda mara mbili kwa wiki, ni safari 104 kwa mwaka, yaani lita 1,040. Zidisha kwa bei ya mafuta ya eneo lenu, utapata kiasi ambacho gari la zamani linakitafuna kimyakimya.

Upande wa pili, gari la zamani halikuletei bili ya ghafla ya nozeli au ya kompyuta. Linakugharimu kidogo kidogo kila wiki, bushi leo, oili kesho. La kisasa linanyamaza muda mrefu, kisha siku moja linadai vyote kwa mkupuo. Kikundi kisicho na akiba ya matengenezo kitaumizwa zaidi na deni la mkupuo, hata kama kwa hesabu ya mwaka gari la kisasa lingekuwa nafuu.

Sheria zinaelekea wapi

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, lilitoa ripoti mwaka 2020 kuhusu magari yaliyotumika. Kati ya 2015 na 2018, magari madogo milioni 14 yaliyotumika yaliuzwa kutoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda nchi nyingine, na Afrika ndiyo iliyopokea sehemu kubwa kuliko zote. UNEP ilitaka nchi zinazouza na zinazopokea ziweke viwango, ili Afrika isigeuzwe jalala.

Majirani zetu walikwishachukua hatua. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8 tangu kutengenezwa. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 ya kuzuia yaliyozidi miaka 15. Hapa Tanzania Bara hakujawekwa katazo la moja kwa moja la namna hiyo. Serikali imetumia ushuru: kwa miaka mingi magari madogo yenye umri wa miaka 8 hadi 10 yametozwa nyongeza ya asilimia 15, na yaliyozidi miaka 10 asilimia 30. Viwango hubadilika na bajeti, kwa hiyo ulizia TRA kabla ya kutuma pesa nje.

Hoja ya sera hizo ina mantiki: moshi upungue, ajali zipungue. Lakini sheria ya umri inafanya kazi vizuri pale tu ambapo gari jipya zaidi linaweza kutengenezwa mahali linapofanyia kazi. Gari la mwaka 2018 lililolala mwaka mzima kwa kukosa mashine ya kupimia halijapunguza ajali yoyote. Limemrudisha mama mjamzito kwenye bodaboda.

Ndiyo maana mjadala wa umri wa magari unapaswa kwenda pamoja na mjadala wa ufundi. Afrika Kusini ilianza kutumia miongozo mipya Julai 1, 2021, inayompa mwenye gari haki ya kulipeleka kwa fundi anayemtaka bila kupoteza dhamana ya kiwanda, na inayotaka mafundi wa nje wapate taarifa za kiufundi. Sisi nasi tunaweza kuuliza maswali kama hayo. Vyuo vya VETA vinafundisha ufundi magari na umeme wa magari. Je, mhitimu anarudi wilayani na mashine ya kupimia au anarudi na spana peke yake? Halmashauri inayotoa mikopo kwa vikundi vya vijana imewahi kufikiria gereji moja ya namna hiyo kila wilaya? Maswali haya ni ya kumuuliza diwani na mbunge, na msimu wa kuyauliza ni kila siku.

Je, ipo njia ya kati?

Ipo, na mmeiona mkiwa barabarani. Angalia gari la wagonjwa la kituo cha afya, gari la shirika la misaada, au Land Cruiser za serikali zile zenye mkonga. Nyingi ni Toyota Land Cruiser za mfululizo wa 70, zilizoanza kutengenezwa 1984 na zinaendelea kutengenezwa. Injini yake ya dizeli ya lita 4.2 inayoitwa 1HZ ilianza 1990, na pampu yake haiendeshwi na kompyuta. Mashirika makubwa yenye pesa za kununua gari lolote duniani yamelichagua gari la muundo wa zamani lililotengenezwa upya, likiwa na mikanda na breki bora zaidi, kwa sababu yanajua litafanya kazi wapi. Bei yake ni kubwa, hatukatai. Lakini somo lake ni la bure: chagua gari kwa kuangalia barabara, mafuta na fundi ulionao.

Kabla hamjatoa pesa

Kwa vikundi na familia zinazojiandaa kununua, haya ndiyo maswali tunayoshauri yaulizwe kwenye kikao, na majibu yaandikwe kwenye daftari:

1. Gari litabeba nini hasa? Kama ni watu kila siku, usalama uwe wa kwanza: mikanda, breki na viti vinavyotazama mbele. Kumbukeni pia leseni ya LATRA ya kubeba abiria. Kama ni mizigo ya shambani na safari fupi, la zamani linaweza kutosha.

2. Mafuta tutajaza wapi? Kama ni kwenye dumu, epukeni dizeli ya kisasa, au wekeni chujio la ziada la kutenga maji na mlisimamie.

3. Fundi wa gari hili yuko umbali gani, na ana mashine ya kulipima? Mwiteni fundi huyo siku ya kununua. Kwa gari la kisasa, aisome kompyuta kabla ya pesa kutoka. Kwa la zamani, alale chini na kugonga chesisi kwa nyundo.

4. Spea tatu zinazoharibika mara kwa mara zinapatikana wapi, kwa siku ngapi?

5. Tuna akiba gani ya matengenezo? Kikundi kisichoweza kuweka kitu pembeni kila mwezi bado hakijawa tayari kwa gari, liwe jipya au kuukuu.

Na kama tayari mnayo Land Rover ya zamani, msiione kuwa ni takataka, wala msiione kuwa haiwezi kuua. Fundi anaweza kuongeza mikanda kwenye viti vya mbele, kukagua breki zote nne, kufunga mizigo isiruke, na mwenye gari anaweza kukataa abiria wa 16. Hayo hayahitaji kompyuta.

Jibu letu kwa waliouliza ni hili: kwa kubeba watu, gari la kisasa ni bora, mradi mafuta yawe safi na fundi mwenye mashine awe anafikika. Pasipokuwa na hayo mawili, gari la zamani litaendelea kuwafikisha watu hospitali, na tutaendelea kulipa kwa lita nyingi za mafuta na kwa hatari inayoepukika. Ni kazi yetu sisi wananchi kudai hayo mawili yafike vijijini, ili siku moja uchaguzi uwe rahisi.

Wiki hii tutaendelea na mada hii hewani pamoja na mafundi wa magari. Tuandikieni mapema: gari lenu ni la mwaka gani, linafanya kazi gani, na mara ya mwisho lilipoharibika, lilikaa siku ngapi kabla ya kurudi barabarani?